Mungu Alisubiri Jibu la Mwanamke



Juma hili tunaomba radhi mapema kwa wale watakaokwazika. Tunaandika juu ya jambo ambalo kina mama hulisema wao kwa wao wanapofagia kanisa siku ya Jumamosi, kina baba hulisema kwa kicheko, na sisi mapadre mara nyingi hulipita kana kwamba halituhusu: ni nani anayeamua mama azae lini, na azae mara ngapi?

Siku zilizopita tulikuwa katika mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo moja. Baada ya somo na maombi, mazungumzo yaliangukia maisha ya familia. Baba mmoja, mwamini mwema na mtoa zaka mwaminifu, alisimama akasema kwamba suala la watoto ni la Mungu na la mwenye nyumba, na kwamba kazi ya mwanamke ni kupokea. Mke wake alikuwa ameketi mkekani, mtoto ambaye bado hajaanza kutembea akiwa kifuani, na mimba nyingine ikiwa imeanza kuonekana. Wanaume waliitikia kwa kicheko kidogo. Wanawake waliinamisha vichwa. Hakuna aliyemjibu yule baba, na sisi pia hatukumjibu. Tulifunga kwa sala, tukatoa baraka, tukaondoka. Ukimya wetu wa jioni ile ndio unaotusukuma kuandika leo.

Tunasema bila kuzungukazunguka: kauli ile si mafundisho ya Kanisa Katoliki. Ni desturi ya wanaume iliyovikwa kanzu ya Kanisa, na wakati umefika wa kuivua kanzu hiyo.

Malaika hakuondoka bila jibu

Kila tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Krismasi, Kanisa huadhimisha Sherehe ya Kupashwa Habari. Injili ya siku hiyo tunaijua sote (Lk 1:26-38), lakini tuitazame tena kwa makini. Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na nchi kwa neno lake, alitaka Mwanawe azaliwe na mwanamke. Je, alimwamuru? Hapana. Alimtuma malaika kwake. Binti yule aliuliza swali, tena swali la wazi kabisa kuhusu mwili wake na hali yake: litawezekanaje, ikiwa hajamjua mume? Malaika hakumkemea kwa kuuliza, wala hakumwambia kwamba wanawake wema hawahoji. Alimweleza. Alimpa hata mfano wa Elizabeti jamaa yake, ili amsaidie kuelewa. Na baada ya Maria kutoa ridhaa yake, ndipo malaika akaondoka.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alipohubiri juu ya Injili hiyo alionesha ulimwengu wote, tangu Adamu na wazee wa imani, ukisubiri kwa hamu jibu la Bikira. Basi, ndugu zangu kina baba, tuulizane kwa unyofu. Ikiwa Muumba wa mwili wa mwanamke aliona inafaa kumuuliza kabla ya mimba kutungwa, sisi ni nani hata tuone kumuuliza ni kujishusha?

Nanyi mnaodhani kwamba hilo lilikuwa la Bikira Maria peke yake, fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Hana alilia miaka mingi akitafuta mtoto, na Bwana akampa Samweli. Ilipofika safari ya kila mwaka ya kwenda kutoa sadaka, Hana alimwambia mumewe kwamba yeye hatapanda mpaka mtoto aachishwe ziwa. Na Elkana, mwanamume wa nyakati zile za kale, alimjibu mkewe afanye aonavyo kuwa vema (1Sam 1:22-23). Aliheshimu muda wa kunyonyesha. Aliheshimu neno la mama wa mtoto. Karne nyingi zimepita, na bado wako kina baba miongoni mwetu ambao hawajamfikia Elkana.

Waraka unaosomwa nusu

Wengi wetu tukisikia jina la waraka wa Mtakatifu Paulo VI, *Humanae Vitae*, uliotolewa tarehe 25 Julai 1968, tunakumbuka jambo moja tu: kwamba unakataza vidonge, sindano na vizuizi vingine. Ni kweli unakataza, na sisi hatuna mamlaka wala nia ya kupunguza hata nukta moja. Lakini tunaomba msomaji asiishie hapo, kwa sababu waraka huo haukuandikwa kwa ajili ya wanawake peke yao.

Namba 10 inazungumzia uzazi wenye kuwajibika. Inawataka wanandoa wapime hali ya afya, ya uchumi, ya nafsi na ya jamii, kisha waamue kwa busara na ukarimu. Wapo watakaoamua kuwa na watoto wengi, nao wanastahili sifa. Wapo ambao kwa sababu nzito, na kwa kuheshimu sheria ya maadili, wataamua kutopata mtoto mwingine kwa muda fulani, au kwa muda usio na kikomo kilichowekwa. Hao nao wametenda kama Wakristo. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kufundisha katika hati ya *Gaudium et Spes*, namba 50, kwamba hukumu hiyo mwishowe ni ya wanandoa wenyewe mbele ya Mungu. Mtaguso unawataja wote wawili. Haukumtaja baba peke yake, wala mama mkwe, wala kikao cha ukoo, wala serikali.

Kisha ipo namba 13, ambayo hatukumbuki kuisikia ikisomwa katika semina yoyote ya ndoa. Hapo Papa anasema kwamba tendo la ndoa ambalo mmoja anamlazimisha mwenzake, bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki, si tendo la kweli la upendo, na linakiuka maadili. Na katika namba 17 anaonya kwamba mwanamume aweza kufikia kumfanya mwanamke chombo cha kutosheleza tamaa zake. Papa aliandika onyo hilo akiwafikiria wanaotumia vizuizi. Lakini mume asiyemjua mkewe ila usiku, asiyeuliza kama amepona, kama mtoto anaendelea vizuri, kama damu imerudi mwilini, hakika amekwisha kumfanya chombo hata kama hajawahi kuona kidonge.

Anayenukuu waraka huo dhidi ya sindano ya mkewe, huku yeye mwenyewe akiivunja namba 13 kila juma, hautetei mafundisho ya Kanisa. Anayatumia kama fimbo.

Uamuzi unavyofanyika nyumbani

Hatusemi lolote la kitubioni, maana ya kitubioni hubaki kitubioni. Tunasema yale yanayosemwa mchana, mbele za watu.

Bibi harusi hajamaliza mwaka, mama mkwe ameanza kumtazama kiunoni. Akizaa binti, anaambiwa ajitahidi. Akizaa binti wa pili, mawifi wanaanza kutaja mahari, ng'ombe wangapi walitolewa na wamezaa nini. Akipata mtoto wa kiume, anaambiwa mmoja ni kama hana. Akichelewa, yeye ndiye anayepelekwa hospitali na kwa waganga, na mume hajawahi kupimwa hata mara moja. Katika safari hiyo yote, hakuna aliyemuuliza mama huyo: mwenzetu, wewe unaonaje? Mahari ni heshima kati ya koo mbili. Si hati ya kununulia tumbo la binti wa watu.

Kwa kuwa mlango wa maneno umefungwa, mwanamke anatafuta dirisha. Mmoja anarudi kwao akisingizia kumuuguza mama yake, kumbe anataka mtoto anyonye miaka miwili kwa amani. Mwingine anakwenda kliniki kwa siri, anachomwa sindano ya miezi mitatu, na kadi anaiacha kwa jirani ili mume asiione. Tukisikia habari zake, sisi tunawahi kumhukumu. Mafundisho tunayajua, na jambo hilo hatulibariki. Lakini tunauliza: huyu amejifunzia wapi kuficha? Mke hafichi jambo kubwa namna hiyo katika nyumba ambamo anasikilizwa. Siri ile ina wazazi wawili, na mmojawapo ni mume anayesema neno lake ni la mwisho.

Tena tusijidanganye kwamba ni mambo madogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kwamba mwanamke wa Tanzania, kwa wastani, huzaa watoto 4.8 katika maisha yake. Vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru wakunga na waganga wetu. Lakini kila mmoja katika hao waliobaki alikuwa na jina la ubatizo, na mara nyingi aliacha mtoto mchanga na wengine wa kumfuata mgongoni.

Wazee walijua

Wako watakaosema kwamba kupumzika kati ya mtoto na mtoto ni mambo ya kizungu. Hao hawajawasikiliza bibi zao. Neno kubemenda halikuletwa na meli. Wazee wetu walisema kwamba wazazi wasiojizuia wakati mama ananyonyesha humbemenda mtoto, akadhoofu miguu, akavimba tumbo. Walidhani maziwa ndiyo yanayoharibika. Sayansi haikubaliani nao juu ya maziwa, lakini macho yao yaliona sawasawa: mimba nyingine ikiingia mapema, aliyeko kifuani huachishwa kabla ya wakati, naye huumia.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliuandikia ulimwengu wa tiba juu ya ugonjwa wa kwashiakoo. Jina hilo hakulitunga yeye. Alilichukua kwa kina mama Waga wa Accra, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Kumbe kutoka Ghana hadi Pwani yetu, kina mama walikuwa wameona jambo lilelile na kulipa jina. Leo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba baada ya kujifungua zipite walau siku za miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Bibi zetu wangetikisa kichwa na kusema: hayo tuliyasema zamani.

Ni kweli kwamba desturi ya zamani mara nyingi ilimtuma mume kwa mke mwingine wakati huyu ananyonyesha. Sisi Wakristo hatuna mlango huo. Kwetu mume anaitwa kufanya jambo gumu zaidi na zuri zaidi: kusubiri, akiwa nyumbani kwake, kwa upendo.

Njia ya asili iliyokosa mume

Hapa ndipo tunapofikia aibu yetu. Kanisa linafundisha kwamba wanandoa wenye sababu za haki waweza kupanga uzazi kwa kufuata majira ya rutuba ambayo Mungu mwenyewe ameyaweka katika mwili wa mwanamke. Pius XII aliwaeleza hivyo wakunga wa Italia mwaka 1951, na *Humanae Vitae* ilikazia mafundisho hayo. Madaktari John na Evelyn Billings wa Australia, mume na mke, walitumia maisha yao kuwafundisha wanandoa kusoma alama ya ute: ukiwa mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, hizo ni siku za rutuba. Tena mama anayemnyonyesha mtoto chini ya miezi sita kwa maziwa yake tu, usiku na mchana, na ambaye hajaona siku zake, ana kinga kubwa sana ya asili.

Njia hizi hazihitaji fedha. Zinahitaji mume. Mwanamke aweza kujua siku zake kuliko daktari yeyote, aweza kuziandika vizuri kwenye daftari, lakini daftari halimzuii mtu aliyerudi nyumbani akiwa amelewa. Tunaitisha semina ya uzazi wa mpango kwa njia za asili, ukumbi unajaa kina mama wa WAWATA, na baba mmoja au wawili wameketi karibu na mlango. Kisha tunashangaa kwamba njia hiyo haifanyi kazi. Tumefundisha nusu ya ndoa, tena ile nusu ambayo ilikwisha kukubali.

Namba 21 ya waraka uleule inasema kwamba kujizuia kwa wakati huwasaidia wanandoa kuufukuza ubinafsi, ambao ni adui wa upendo. Mwanamume asiyeweza kusubiri siku kadhaa kwa ajili ya afya ya mkewe asijiite kichwa cha nyumba. Mtakatifu Paulo alipomwita mume kichwa, alimweka Kristo kuwa kipimo, na Kristo alijitoa nafsi yake kwa ajili ya Kanisa (Efe 5:25). Hakuna msomaji mwaminifu wa sura ile atakayetoka na ruhusa ya kuamrisha. Na Paulo huyohuyo aliandika kwamba mwili wa mume una mwenyewe, naye ni mkewe, kama vile mwili wa mke ulivyo wa mumewe, na kwamba wanapojinyima iwe kwa kupatana (1Kor 7:3-5). Kupatana hakuwezekani ikiwa anayesema ni mmoja tu.

Tunawajibu wanaotupinga

Watasema: watoto ni baraka, na padre anawatisha watu wasizae. Hapana. Tunafurahi kubatiza, na familia yenye watoto wengi waliopokelewa kwa moyo na kulelewa vema ni utajiri wa parokia. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Papa Fransisko, akirudi kutoka Manila mwezi Januari 2015, alisema wazi kwamba kuwa Mkatoliki mwema si kuzaa kama sungura. Alimtaja mama mmoja aliyekuwa na mimba ya nane baada ya kujifungua mara saba kwa upasuaji, naye aliuona mwenendo huo kuwa ni kumjaribu Mungu. Siku chache tu baadaye, huko Roma, alizisifu familia kubwa. Hakujipinga. Alichokidai ni uwajibikaji.

Watasema wengine: basi mwachieni mwanamke aamue peke yake, ni mwili wake. Tunaielewa hasira inayozaa neno hilo, maana mara nyingi mwanamke huachwa peke yake na uchungu, na homa za usiku, na karo ya shule. Lakini hatukubali. Neno hilo linampa mwanamume kile anachokitaka mwanamume mzembe: ruhusa ya kutohusika. Mtoto ana baba, na baba ameapa altareni.

Na watawala nao wasijisahau. Mwezi Septemba 2018, huko Meatu, hayati Rais Magufuli aliwahimiza wananchi waachane na uzazi wa mpango, akasema wanaoufuata ni wavivu. Kwingineko duniani zipo serikali zilizofanya kinyume chake: China iliwabana raia wake kwa sera ya mtoto mmoja kuanzia mwaka 1980 hadi 2015. Anayewahesabu wanawake ili taifa liongezeke na anayewahesabu ili lipungue wamekosea kwa namna moja. Wote wawili wameingia chumba ambacho Mtaguso uliwaachia wanandoa na Mungu wao.

Tunachoomba

Kwenu kina baba, hasa wana UWAKA: juma hili, kabla ya Dominika ijayo, keti na mkeo watoto wakiwa wamelala, umuulize maswali mawili. Mwili wako una hali gani? Wewe unaona tupate mtoto mwingine lini, au tupumzike? Kisha nyamaza usikilize mpaka amalize. Usimjibu usiku huohuo.

Kwenu mama wakwe: mlipita katika moto huu wenyewe. Msiwe wachochezi wa moto kwa binti za wenzenu.

Kwenu kina mama: semeni. Maria aliuliza, Hana alisema, nao hawakupungukiwa heshima yoyote mbele ya Mungu.

Na kwetu sisi mapadre na makatekista: tukiri kwamba tumewapa wanandoa nusu ya waraka. Katika parokia hii, kuanzia sasa, semina ya njia za asili itafanyika kwa wanandoa wawili wawili, na mke atakayekuja peke yake tutamtembelea mumewe nyumbani. Na katika mafundisho ya ndoa, namba 13 itasomwa kwa sauti, wachumba wote wawili wakiwepo.

Yule baba wa Jumuiya tumekwenda kumwona juzi. Tulimwomba radhi kwa kutomjibu siku ile, kisha tukamjibu. Hakufurahi. Lakini tulipokuwa tunaaga, mkewe alitusindikiza hadi njiani, na baba yule alikuja nyuma yetu, amembeba mtoto.

Ee Bikira Maria, uliyeulizwa ukajibu, utuombee. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa mama na mtoto, wafundishe wanaume wetu kusubiri. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!